Mzee hawezi kusema: Utajuaje kama anaishi vyema?

MSOMAJI, leo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita niliitwa nyumbani kwa familia moja mtaani Nakwamekwi, mjini Lodwar, kumtazama mama mkongwe aliyekuwa amepatwa na kiharusi miezi minne iliyotangulia. Nimebadilisha mambo machache ili familia hiyo isitambulike. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yamemwishia kabisa. Nilimkuta amelala kwenye godoro chini ya kivuli cha mti, amefunikwa shuka safi, macho ameyafumba. Nilimpima presha, nikasikiliza mapafu yake, kisha nikamwuliza mwanawe wa kiume, "Anaendeleaje?"

"Hana shida, daktari," akanijibu. "Siku hizi ametulia sana. Hasumbui mtu."

Nikaandika kwenye kadi yake: Hali nzuri. Nikanywa chai niliyoandaliwa, nikaaga.

Nilirudi baada ya wiki mbili kwa sababu ya dawa zake za presha. Nilipokuwa nikifungua mkoba, mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, aliniambia jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniambia. "Daktari, nyanya hukunja uso tukimvika nguo. Na asubuhi tukimgeuza hulia, lakini bila sauti. Machozi tu."

Niliushika ule mkono uliopooza nikauinua polepole. Uso wake ulikunjamana mara moja na pumzi ikamkwama. Bega lilikuwa limekakamaa, tena likimwuma vibaya. Tulipomgeuza tukaona ngozi ya nyonga imeanza kuchubuka, kidonda cha kulalia kikijiandaa. Mama yule hakuwa ametulia. Alikuwa amejifunza kutojisogeza, kwa sababu kila alipojisogeza aliumia. Ile "hali nzuri" niliyoiandika ilikuwa hali yetu sisi tuliomzunguka. Haikuwa yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ningependa nawe ujiulize, hasa ikiwa nyumbani kwenu yupo mzazi au jamaa asiyeweza kujieleza: je, tunajuaje kwamba anaishi vyema?

UBORA WA MAISHA HUPIMWAJE?

Presha ina mashine yake. Sukari hupimwa kwa tone la damu. Joto la mwili lina kipimajoto. Lakini ubora wa maisha hauna mashine. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliueleza kuwa ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, kulingana na utamaduni na maadili ya mahali anapoishi, na kwa kuzingatia malengo yake, matarajio yake na yale yanayomtia wasiwasi.

Neno zito hapo ni "mwenyewe". Mtu anaweza kuwa na mguu mmoja na bado akayaona maisha yake kuwa matamu. Mwingine ana afya ya farasi lakini kila jua linapochomoza anatamani lisingechomoza. Ndiyo maana njia ya kawaida ya kupima jambo hili ni kumwuliza mwenye maisha.

Sasa, utamwulizaje aliyepoteza usemi? Na wagonjwa wa namna hii ni wengi. Wapo waliopigwa na kiharusi upande wa ubongo unaoshughulikia lugha. Wapo wenye ugonjwa wa Parkinson uliofika mbali. Na wapo wenye demenshia, yaani ule ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu, kisha akili ya kupanga mambo, na mwishowe maneno. WHO inakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Basi usidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu. Wala usidhani ni uzee tu, au kurogwa.

Katika nchi za Ulaya baadhi yao hutunzwa katika makao ya wazee. Kwetu makao ya aina hiyo ni machache. Wakazi wa Nairobi wanaifahamu Nyumba ya Wazee kule Kasarani, inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor. Lakini hapa Turkana, makao ya wazee ni boma la mwana au la binti, na walezi ni wakaza mwana na wajukuu. Jengo ni tofauti, swali ni lile lile. Muuguzi wa Kasarani na mkaza mwana wa Nakwamekwi wote wanamtazama mtu aliyenyamaza na kujiuliza ndani yake mna nini.

KITANDA USICHOKILALIA

Njia rahisi inayotujia sote ni kumwuliza mtu mwingine: mwana, mke, muuguzi. Hiyo ndiyo niliyoitumia mimi kule Nakwamekwi. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Watafiti wamelinganisha mara nyingi majibu ya wagonjwa wa demenshia ambao bado wanaweza kujibu na majibu ya jamaa zao juu ya wagonjwa hao hao. Matokeo yamekuwa yakifanana: kwa kawaida jamaa huyapa maisha ya mgonjwa alama za chini kuliko anavyoyapa mgonjwa mwenyewe. Na kadiri jamaa huyo alivyochoka au alivyo na huzuni, ndivyo alama zinavyozidi kushuka. Maana yake ni kwamba tunapoulizwa juu ya mgonjwa, mara nyingi tunajibu juu yetu wenyewe. Binti anayemkumbuka mamake akiwa hodari sokoni huona hasara tu. Mama mwenyewe huenda amesahau soko, na asubuhi ya leo ameifurahia chai yake.

Kosa linaweza pia kuelekea upande wa pili, kama lilivyoelekea kwangu. Mgonjwa asiyepiga kelele huitwa mgonjwa mzuri. Jihadhari sana, msomaji, na lile neno "hasumbui". Linatueleza raha ya mlezi, halituelezi raha ya mgonjwa.

Mfano mwingine ni wa Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar kwa barabara ya kwenda mpaka wa Sudan Kusini. Kambi ya wakimbizi ya pale ilianzishwa mwaka 1992, na baadhi ya walioingia wakiwa watu wazima sasa ni wazee kabisa. Nilipelekwa kumwona mzee mmoja Mdinka aliyekuwa na demenshia. Wanawe walikulia kambini. Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha baadhi ya watu wa mjini. Kijana wake alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema, "Mzee wangu hajui kitu tena, daktari. Anangoja siku yake tu."

Nilimsemesha mzee kwa Kiswahili, hakugeuka. Kijana akamsemesha kwa Kiarabu, hakugeuka. Nilikuwa karibu kuandika kwamba mgonjwa haitikii, alipoingia jirani, mzee wa rika lake, akaketi karibu na sikio lake la kulia na kumwita kwa jina la ng'ombe dume. Baadaye nilielezwa kwamba Mdinka akiwa kijana hujulikana kwa jina la fahali wake, na humtungia nyimbo. Macho ya yule mgonjwa yalifunguka. Jirani akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na mzee "asiyejua kitu" akaufuata wimbo kwa kuguna, vidole vikipiga godoro.

Mambo matatu yalikuwa yametuficha mtu yule. Tulimsemesha kwa lugha aliyojifunza ukubwani, na mara nyingi demenshia hula lugha za baadaye kwanza, ikaiacha ya mama hadi mwisho. Tulikaa upande wa sikio bovu. Na tulimwita "mzee", neno la heshima ndiyo, lakini halikuwa jina lake.

MGONJWA NA AULIZWE UJI

Tuna methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ni methali nzuri ya ukarimu, ikitukumbusha kutongoja kuombwa. Lakini kwa wagonjwa wa aina hii, imetufundisha pia kutouliza kabisa. Kabla hujasema kwamba mtu hawezi kujieleza, hakikisha umempa nafasi ya kweli.

Mwulize saa anazokuwa macho, si mchana wa jua kali akiwa amelegea. Keti usawa wa macho yake, upande wa sikio zima, mahali pasipo na kelele za redio. Tumia lugha yake ya utotoni. Uliza swali moja fupi linalojibiwa kwa ndiyo au la: "Unaumwa?" Kisha ngoja. Hesabu hadi ishirini moyoni, kwa maana ubongo ulioumia huhitaji muda. Kama hana sauti, mwambie akubane mkono mara moja kwa ndiyo, au afumbe macho. Mwoneshe vitu viwili, kikombe cha chai na cha maji, utazame mkono au jicho linaelekea wapi.

Ndugu wa mgonjwa wengi wameniambia, "Daktari, kumbe anasikia!" Naam, wengi husikia. Basi na tuache kuwajadili mbele yao kana kwamba ni mizigo.

MACHO YAKIWA MASIKIO

Hata hivyo, wapo ambao hata ndiyo na la zimekwisha. Kwa hao wataalamu wametunga vipimo ambavyo havitegemei maneno ya mgonjwa wala maoni ya jumla ya jamaa. Vinategemea kile kinachoonekana. Nitakueleza vinne kwa ufupi.

Kimoja kinaitwa PAINAD, kilichotolewa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya maumivu. Unatazama mambo matano: pumzi, sauti kama kuguna au kulia, uso, mwili, na kama mgonjwa hutulizika anapobembelezwa. Kila jambo hupewa 0, 1 au 2, na jumla huwa kati ya 0 na 10. Kwa kawaida 1 hadi 3 ni maumivu madogo, 4 hadi 6 ya kiasi, na 7 hadi 10 makali. Dakika tano zinatosha, lakini zitumie mgonjwa anapogeuzwa au kuvikwa nguo. Ukimpima akiwa amelala tuli utapata sifuri, kama mimi.

Cha pili, QUALID, pia cha Marekani, kilichapishwa mwaka 2000 kwa wagonjwa wa demenshia iliyokomaa. Kina mambo 11 tu yanayotazamwa katika maisha ya wiki moja: kama mgonjwa hutabasamu, huonekana mwenye huzuni, hulia, hukunja uso, huonekana hana raha mwilini, hutoa sauti za kulalamika, ana hasira, hufurahia chakula, hufurahia kuguswa, hufurahia kuwa na watu, na huonekana mtulivu moyoni. Anayejibu lazima awe mtu aliyekaa na mgonjwa wiki hiyo, si mwana aliyepiga simu kutoka Nairobi.

Cha tatu, QUALIDEM cha Uholanzi, kina maswali 37, na kwa wale ambao ugonjwa umefika mwisho hubaki maswali 18. Uzuri wake ni kwamba hakitazami maumivu na huzuni pekee. Huuliza pia uhusiano wa mgonjwa na wanaomlea, na wenzake, na kama kuna dalili kwamba pale alipo anapaona ni kwake.

Cha nne kilianzia Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi ya Tom Kitwood na Kathleen Bredin. Mtazamaji hukaa pembeni katika makao ya wazee kwa saa kadhaa, na kila baada ya dakika tano huandika mgonjwa anafanya nini na anaonekanaje. Kazi ya aina hiyo inaweza kukuonyesha mgonjwa aliyelishwa na kuoshwa vizuri, lakini ambaye kwa saa tatu hakuna aliyemsemesha hata neno.

Je, kupima kunaleta faida yoyote, au ni kujaza karatasi tu? Mwaka 2011 madaktari wa Norway walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wakazi 352 wa makao 18 ya wazee, wote wenye demenshia na fujo: kupiga kelele, kurusha mikono, kukataa kuoshwa. Nusu moja walitibiwa maumivu kwa mpango maalumu kwa wiki nane, wengi wao kwa parasetamoli ya kawaida. Wengine waliendelea na matunzo yao ya siku zote. Fujo zilipungua kwa wastani wa asilimia 17 kwa wale waliotibiwa maumivu. Baadhi ya wazee wale hawakuwa na "wazimu". Walikuwa wanaumwa na hawana njia ya kusema. Fikiria ni wazee wangapi huku kwetu wamepewa dawa za kulaza, au wamefungiwa nyumbani, kwa ajili ya jino bovu.

NGUO ILIYOSHONEWA MWINGINE

Vipimo hivi vilishonwa Dallas na Amsterdam, na nguo iliyoshonewa mwingine hubana mahali. Ukiuliza Lodwar kama mgonjwa hufurahia shughuli za kikundi sebuleni, utachekwa. Maumivu yana uso mmoja karibu kila mahali duniani: nyusi hushuka, macho hufumba, mdomo hukaza. Lakini furaha ina mila yake. Hapo ndipo mwenyeji anamzidi mtaalamu.

Kwa hiyo niliketi na wazee wachache wa Kiturkana wenye afya nikawauliza, "Siku ukishindwa kusema, tutazame nini tujue kwamba uko sawa?" Sikufanya utafiti, yalikuwa mazungumzo tu ya chini ya mti, tena kwa mkalimani, kwa kuwa Kiturkana changu ni cha kusalimia. Lakini majibu yao nimeyaweka.

Mwanamume mmoja alisema, "Tazama ekicholong yangu iko wapi." Hicho ni kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana huenda nacho kila mahali, mchana akikikalia na usiku akilalia kichwa. Kikiwa kimetupwa kwenye kona, alisema, mjue nimekwisha kuzikwa. Mwingine alitaja tumbaku yake. Mwingine alitaka alazwe mahali atakaposikia mbuzi wakirudi jioni. Mama mmoja alishika shanga zake shingoni: wakinivua kwa sababu zinawasumbua kuniosha, alisema, hawakuniuliza. Na karibu wote walisema jambo moja: mgeni akija boma, je, analetwa kunisalimia, au anapitishwa?

Hakuna hata moja kati ya haya kwenye karatasi za Dallas. Lakini yote yanaonekana kwa macho, na yote yanaweza kuandikwa ndiyo au la.

DAFTARI LA NYUMBANI

Sasa nikupe kazi, msomaji. Huhitaji fomu kutoka ng'ambo. Chukua daftari la mtoto la shule na kalamu. Ninachokueleza si kipimo cha kitaalamu. Ni njia ya nyumbani ya kukusaidia kuona.

Kwa siku tatu mfululizo, mtazame mgonjwa wako mara tatu kwa siku: asubuhi anapogeuzwa na kuoshwa, wakati wa chakula, na jioni watu wanapokusanyika. Kila mara andika mambo sita. Uso: umelegea au umekunjwa? Sauti: kimya cha raha, kuguna, au kilio? Mwili: umelegea, umekakamaa, anasukuma mkono wako? Chakula: anafungua mdomo, anageuza uso, anakohoa anapomeza? Watu: jicho linamfuata nani, na nani akija yeye hufumba? Na mwisho, lile jambo lake mwenyewe, liwe shanga, wimbo, tasbihi au rozari: leo amelipata?

Waandike walezi wawili tofauti, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe. Na mmojawapo awe mtoto, ikiwa yupo mwenye umri wa kutosha. Mtoto hajui bado anachopaswa kutoona.

Ukiona dalili za mateso, usikimbilie kusema ni ugonjwa ule ule. Anza na orodha hii. Chungulia mdomoni: meno, fizi, vidonda. Angalia masikio kama yamezibwa na nta. Papasa tumbo chini ya kitovu; kibofu kilichojaa huleta fujo kubwa. Uliza alipata choo lini. Choo kilichofunga siku nne humtesa mtu yeyote. Tazama visigino, nyonga na uti wa mgongo wa chini kwa vidonda vya kulalia, na mgeuze kila baada ya saa mbili. Mpe maji kidogo kidogo mara nyingi, maana Lodwar joto hupita nyuzi 35 na mzee hasikii kiu kama kijana. Kama hukohoa anapomeza, mketishe wima na umwone mhudumu wa afya kabla ya kuendelea kumlisha.

Kama bado anaonekana kuumwa, parasetamoli ndiyo dawa ya kuanzia, kwa kipimo utakachoelekezwa, kwa sababu mzee mwepesi wa mwili huhitaji kidogo kuliko wewe. Usimpe dawa kali za maumivu za dukani bila ushauri. Nyingi huumiza figo na tumbo na kupandisha presha.

Na zingatia hili: mgonjwa akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, akawa na fujo asizokuwa nazo au usingizi usio wa kawaida, mpeleke hospitali mara moja. Huenda ni malaria, ni homa ya mapafu, ni maambukizi ya mkojo, ni upungufu wa maji mwilini, au kiharusi kipya. Demenshia huja polepole. Ghafla ni jambo jingine.

MLEZI NAYE APIMWE

Nisipolisema hili nitakuwa nimedhulumu. Yule anayemgeuza mzee kila baada ya saa mbili naye hulala saa ngapi? Karibu kila mara ni mwanamke, na mara nyingi ni yeye pia anayefuata maji na kuni. Kule Kakuma mgao wa chakula wa wakimbizi ulipunguzwa sana mwaka 2025 kwa ukosefu wa fedha, na nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kwenda foleni iliumia zaidi. Mlezi mwenye njaa hawezi kuona tabasamu la mtu mwingine. Katika lile daftari, acha ukurasa mmoja wa mlezi: amelala? amekula? kuna aliyempokea kazi hata kwa nusu siku?

Kifungu cha 57 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na kwa Serikali. Kimetaja wote wawili. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa Sh2,000 kwa mwezi. Ikiwa wako hajaandikishwa, mwone chifu. Aidha, tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanazunguka nyumba kwa nyumba nchini wakiwa na mashine ya presha na ya sukari. Nionavyo mimi, ukurasa mmoja wa maswali kama haya ungetosha kwenye mikoba yao. Hauna betri wala hauhitaji kwenda kurekebishwa Nairobi.

Turudi Nakwamekwi. Siku niliyogundua bega lile nilimpima yule mama kwa PAINAD wakati wa kuvikwa nguo, akapata 7. Tulimpa parasetamoli kila siku nusu saa kabla ya kuoshwa, tukawafundisha walezi kuvika mkono mgonjwa kwanza na kuuvua mwisho, tukawekea mkono mto usining'inie, na kumgeuza kwa zamu. Baada ya wiki tatu alikuwa 2. Usemi haukurudi. Mkono haukupona. Ukiniuliza kama kiharusi kilitibiwa nitakwambia la.

Lakini safari iliyofuata nilikuta godoro limesogezwa karibu na mlango, mahali ambapo kila aingiaye lazima amsalimie. Mjukuu alinikabidhi daftari lake la hesabu, ambalo kurasa zake za nyuma zilikuwa zimejaa. Mstari wa mwisho ulisema: "Jioni. Nyanya amemwangalia mama akisuka kikapu mpaka giza. Uso umelegea. Amekula yote."

Nikachukua kadi ya mgonjwa, nikakata yale maneno mawili ya zamani, nikanakili ya msichana.